Kuonja Kabla ya Kulipa

Njombe ni miongoni mwa miji michache ya Tanzania ambako mtu anaweza kutii maandishi ya nyuma ya chupa ya mvinyo bila kumiliki friji. Chupa nyingi nyekundu huagiza zinywewe katika joto la chumba, na aliyeandika hivyo alikuwa anafikiria chumba cha mawe cha Ulaya, nyuzi 16 hadi 18, wala hajawahi kukaa kwenye sebule ya Temeke mwezi Februari. Sisi tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ikifika Juni na Julai, kabati la vyombo lililo upande usiopigwa na jua linatosha kuwa pishi, na kuna usiku ambao chupa husogezwa kwanza karibu na jiko la mkaa ndipo ifunguliwe. Wageni kutoka Dar es Salaam, wakiwa ndani ya makoti ya kuazima, hawaamini mpaka washike glasi.

Chupa zenyewe hutoka Dodoma. Tuko kundi dogo: mwalimu mstaafu wa kemia, dada mwenye duka la pembejeo, shemeji yangu anayezunguka vijijini kununua parachichi, mkewe ambaye ni muuguzi, na mimi. Mwisho wa mwezi tunachanga, mmoja wetu anatuma fedha kwa simu, na mtu aliyeko Dodoma, ambaye wengi wetu hatujapata kumwona sura, anatupangia sanduku kwa jinsi anavyoona mwenyewe. Mara nyeupe ya Chenin Blanc, mara nyekundu ya zabibu ya Makutupora, mara Syrah, na mwezi akituonea huruma anatupia Dompo, ile tamu nzito ambayo wazee wa mjini wanaifahamu zaidi kuliko wanavyokiri. Huko nje kuna kampuni kubwa zinazoishi kwa biashara ya namna hii, na kanuni yao ni hiyohiyo: unalipa kwanza, unaletewa usichokichagua, unaonja nyumbani kwako. Sisi tumeongeza mambo ya upatu tu. Kila mwezi sanduku hufunguliwa kwa mwingine.

Nimekuwa nikiliwaza hilo la fedha kutangulia. Katika soko la Njombe sijaona mtu analipia kitu asichokikagua. Viazi vinamwagwa chini kutoka kwenye gunia ili vile vidogo vilivyofichwa katikati vionekane, maharage yanatafunwa, parachichi linageuzwa huku na huku na kuangaliwa kikonyo. Mwenye mali hakasiriki. Angeshangaa usipofanya hivyo. Halafu watu walewale, jioni, tunalipia kioevu kilichozibwa kizibo kilomita mia kadhaa kutoka tulipo, na tunajihesabu kuwa tumestaarabika.

Sanduku huja na basi la kwenda Mbeya, kwa hiyo linaachwa Makambako. Makambako ni njia panda. Barabara kuu inayotoka Dar es Salaam kupitia Iringa inaendelea Mbeya hadi mpaka wa Zambia, na pale inachomoza nyingine ya kwenda Njombe na Songea. Reli ya TAZARA nayo, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, inapanda kutoka Mlimba kwa mahandaki na madaraja mengi mpaka inapumua pale Makambako, kabla ya kuendelea na safari yake ya kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi. Mji wa namna hiyo unafahamu mizigo kuliko unavyofahamu watu. Mbao, viazi, mahindi, miche ya parachichi, majeneza, magodoro, vyote vinashushwa na kupakiwa pale, na karani wa ofisi ya mizigo anaweza kukwambia kilichomo ndani kwa kukitikisa. Sanduku letu limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito: VIOO. Karani analitikisa taratibu, anasikiliza, anatabasamu, anadai risiti.

Nikiwa pale huwa napenda kuangalia madumu ya ulanzi, pombe ya mwanzi, katika msimu wake. Yanafika na baiskeli na bodaboda kutoka vijijini, madumu ya njano ya lita 20, na hakuna hata moja lililofungwa kifuniko sawasawa. Mengine yamezibwa kwa majani, mengine kifuniko kimelegezwa nusu mzunguko, povu linachungulia na kushuka ubavuni. Anayeufahamu ulanzi hawezi kuufunga. Hamira iliyomo inaendelea kula sukari na kutoa hewa ukaa njiani kote, na dumu likikazwa litavimba, na likizidi kuvimba litapasuka mgongoni mwa mbebaji. Watengenezaji wa shampeni Ufaransa walipambana na hewa hiyohiyo kwa kutengeneza chupa nene na kufunga kizibo kwa waya. Mtu wa Makambako ameamua kuiacha itoke, maana kabla ya kesho jioni dumu litakuwa tupu.

Basi pale kwenye benchi la ofisi ya mizigo vinakutana vinywaji viwili, kimoja kimelala ndani ya kioo na kingine hakitaki kutulia, na mimi nimekwisha kulipia kile ambacho sijakionja.

Usiku wa kuonja huanza kwa karatasi. Mtu wetu wa Dodoma ana bidii. Hutuwekea maelezo aliyoyakusanya kuhusu kila aina ya zabibu, na muuguzi, mwenye sauti nzuri ya kusoma, hutusomea. Nyekundu ya leo, anasema, ina harufu ya cheri nyeusi, plamu iliyokaushwa, tumbaku na ngozi. Kimya. Cheri hakuna kati yetu aliyewahi kuila isipokuwa ile nyekundu ya sukari inayowekwa juu ya keki. Dada wa pembejeo ananusa tena, anasema anasikia forosadi, zile zilizoiva mpaka zinachafua vidole. Shemeji anasema zambarau. Mwalimu anasema ukwaju uliochemshwa ukaachwa ukapoa. Ndani ya dakika chache karatasi imewekwa pembeni na tunagombana kama forosadi ni zile za shuleni au za kanisani, na mvinyo, naapa, unaanza kunukia forosadi kwa kila mmoja wetu. Sijui kama tulikuwa tumeigundua harufu au tumeipachika. Sidhani hata hao wa Ulaya wanajua. Mtu akikuambia kilichomo ndani ya glasi, ulimi unamtii kuliko unavyopenda kukiri, na ndiyo maana mwalimu sasa ameweka sharti kwamba karatasi isomwe mwishoni.

Lakini ngozi na tumbaku tulivielewa mara moja, na hapo ndipo nilipoanza kuamini kwamba Njombe imesomea mvinyo mwekundu miaka mingi bila kujua.

Anayeingia mjini kutoka Makambako anapita kwenye mashamba ya miti ya Kibena. Kampuni ya miwati, ambayo kila mtu huiita TANWAT, ilianzishwa mwaka 1949 chini ya shirika la maendeleo ya makoloni la Uingereza. Muwati ni mti wa Australia. Ukikaa shambani miaka minane hadi kumi hukatwa, ganda lake huchunwa, na kutoka kwenye ganda hilo kiwanda hutoa tanini, unga wa hudhurungi unaotumika kusindika ngozi. Ngozi mbichi ni nyama: ikiachwa inaoza. Tanini inajishikiza kwenye protini za ngozi, inazifunga pamoja, maji yanatoka, na kinachobaki ni kitu cha kutengenezea kiatu. Vizazi viwili vitatu vya watu wa hapa vimechuna maganda hayo, vimevuta harufu yake, na wapo wazee ambao bado wanakumbuka vidole vilivyobadilika rangi.

Sasa, mvinyo mwekundu una tanini zake, zinazotoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, kwa sababu juisi huachwa ikae na maganda yake wakati inachacha. Nyeupe hukamuliwa na maganda kutupwa, ndiyo maana ni laini. Ukimeza funda la nyekundu changa, tanini zinafanya kinywani kile ambacho tanini ya muwati inafanya kiwandani. Zinazikamata protini za mate, mate yanapoteza utelezi wake, ulimi unakwama kwenye kaakaa, mashavu yanavutwa ndani. Mwalimu wa kemia alilieleza hilo usiku mmoja akiwa amesimama, mkono mmoja mfukoni, kama yuko darasani kidato cha tatu, na alipofika kwenye mate shemeji yangu aliacha kunywa. "Kwa hiyo, mwalimu, hapa tunajisindika ulimi?" Mwalimu akasema ndiyo, ila kidogo, na kwamba tuna bahati mate hutengenezwa upya.

Ukakasi huo hakuna anayetufundisha. Tumetafuna ndizi mbichi, tumeng'ata zambarau ambayo haijaiva sawasawa, na zaidi ya hayo tuna chai. Lupembe, Luponde, Kibena: chai inalimwa pande zote za mji huu, na mtu aliyewahi kunywa chai ya rangi iliyochemka na majani mpaka ikawa nyeusi anaufahamu mvinyo mwekundu nusu yake. Anafahamu pia dawa yake. Unatia maziwa, protini za maziwa zinazikamata tanini kabla hazijafika ulimini, chai inalainika. Nyama hufanya kazi hiyohiyo kwa mvinyo. Wataalamu wana maneno mengi juu ya nyekundu na nyama ya kuchoma, na mengi ni ya kujipamba tu, ila hili ni la kweli na kila mama wa Kibena anayemimina maziwa kwenye birika analifanya kila asubuhi. Tulipochoma mbuzi kwa ajili ya ile Makutupora kali ya mwezi wa sita, ambayo bila kitu mdomoni ilikuwa inakwangua, ikawa kinywaji kingine kabisa.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema mvinyo ni kitu cha kujifunza kutoka sifuri, wala na wale wanaotuona tunajifanya wazungu. Ulimi ulikuwepo. Kilichokosekana ni utulivu wa kukaa na funda moja na kuulizana, na utulivu huo nao haukuletwa na sanduku. Ulikuwa tayari kwa wanywaji wa ulanzi.

Ulanzi ni maji ya mwanzi wa aina maalumu, unaopandwa pembezoni mwa nyumba na mabondeni, Iringa na Njombe. Mvua zikishaanza, machipukizi yanatoka ardhini kwa kasi, na chipukizi likiwa bado laini mgema hukata ncha yake, analikwangua, kisha ananing'iniza mbeta, kopo lililotengenezwa kwa kipande cha mwanzi uleule mkavu. Asubuhi anarudi, anakinga alichopata, anakata ubapa mwembamba mpya ili kidonda kisifunge, anaondoka. Jioni tena. Hivyo kila siku, mvua inyeshe au utelezi uwe wa kuvunja mguu, kwa wiki kadhaa mpaka chipukizi litakapochoka. Hakuna anayetia hamira. Iliyomo kwenye hewa na kwenye kuta za mbeta iliyotumika jana inatosha, na bakteria wa aina ya wale wanaogandisha mtindi wanaingia pamoja nayo, hivyo ulevi na uchachu vinakua kwa pamoja. Unaotoka mtini asubuhi ni mtogwa, mtamu, mwepesi. Jioni umeanza kuuma ulimi. Kesho ni mkangafu, na wapo wasiogusa kingine. Keshokutwa unafaa kuwa siki.

Mnywaji wa kweli wa ulanzi, basi, anaonja saa. Anachukua funda, anafumba jicho moja, anasema huu ni wa jana asubuhi umechanganywa na wa leo. Anasema mgema huyu haoshi mbeta. Anasema hapa mvua ilinyesha usiku na maji yakaingia. Nimewasikia watu wazima wakibishana juu ya shamba la bondeni na la mlimani kwa ukali ambao sijauona hata kwenye siasa, na hoja zao, ukiondoa matusi, ndizo zilezile ambazo Wafaransa wanazitoa juu ya vilima vya Burgundy. Tofauti ni kwamba Mfaransa ameziandika, akazitilia muhuri, na anazitoza bei.

Na anaonja kabla ya kulipa. Katika vilabu vingi mama muuzaji hupiga funda la kwanza yeye mwenyewe, mbele yako, ili ujue hakuna kitu kimewekwa. Ndipo anakukabidhi, unaonja, unakubali au unarudisha. Ukirudisha hakuna ugomvi, ila kesho wote watakuwa wamejua umerudisha wa nani.

Niligundua baadaye kwamba hata chama cha mvinyo kinachosifiwa kwa ukongwe huko Uingereza kilizaliwa kwa kuonja. Maonyesho makubwa ya kimataifa ya London yalipokwisha mwaka 1874, mapipa ya mvinyo wa Ureno yalibaki yamesahauliwa kwenye maghala ya chini ya ukumbi wa Royal Albert Hall. Henry Scott, mhandisi wa kijeshi aliyekuwa amesimamia ujenzi wa ukumbi huo, akaandaa karamu za mchana ili watu wauonje na kuununua. Waliokula na kunywa pale wakaona kwa nini wasiunde ushirika, kila mwanachama hisa yake moja, wajinunulie wenyewe. Ushirika huo upo hadi leo. Nilipowasimulia wenzangu, dada wa pembejeo, ambaye ameona vyama vya ushirika vikizaliwa na kufa, aliuliza swali moja tu: walikuwa na mkaguzi wa hesabu?

Tofauti iliyobaki kati ya kilabu na sebule yetu ni ukuta. Kilabuni kila mtu anakuona: umekunywa kiasi gani, umekuja na nani, umeondoka unatembeaje. Sebuleni tunafunga pazia. Kwa wanawake wawili wa kundi letu hilo ni nafuu kubwa, na wamelisema wazi; mwanamke akikaa kilabuni Njombe anazungumzwa kabla hajamaliza kikombe, isipokuwa kama yeye ndiye muuzaji, maana mara nyingi mwanamume ndiye hugema na mwanamke ndiye huuza. Lakini pazia lina hatari yake. Mtu anayekunywa peke yake ndani, hata kama kinywaji kina jina la Kifaransa, ni yuleyule ambaye bibi zetu walimwonea mashaka.

Muuguzi ndiye aliyeweka sharti la watoto. Chupa haifunguliwi mpaka wameshalala, na hakuna kuonjeshwa, hata tone la kulamba. Ana sababu. Mkoa huu unalisha wengine, mahindi, viazi, maharage, matunda, na bado utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta takriban nusu ya watoto wa Njombe walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Sababu zake ni nyingi: mama aliyeko shambani kutwa, uji mtupu, chakula kinachouzwa chote badala ya kuliwa. Ila yeye kliniki anakutana pia na mtoto aliyenyweshwa mtogwa shambani ili atulie, kwa kuwa ni mtamu na wanasema hauna kitu. Mtogwa wa saa moja asubuhi pengine hauna. Ifikapo saa saba, jua likiwa limelipiga dumu, una kitu. Anapozungumzia hilo hatuna utani, na Dompo hata iwe tamu namna gani inabaki kwenye glasi mpaka amalize.

Nirudi kwenye sanduku. Kile ambacho chupa inanipa na ulanzi hauwezi ni kurudia. Chupa ya nyekundu ikifunguliwa Jumamosi, ikazibwa na kuachwa kwenye kabati letu la baridi, Jumapili imelainika, Jumatatu imefunguka zaidi, Jumanne imeanza kuchoka. Unaweza kuweka mbili za zabibu moja kutoka kwa watengenezaji wawili wa Dodoma na kuzipeleka huku na huku. Unaweza kubadilisha mawazo. Ulanzi hautoi nafasi ya rufaa. Uliouhukumu jana haupo tena leo.

Dodoma yenyewe ni kitendawili kizuri. Kule mvua haifiki hata milimita 600 kwa mwaka wa kawaida, kuna jua la mwaka mzima na hakuna majira ya baridi ya kuulaza mzabibu kama Ulaya. Mkulima ndiye anayeulaza na kuuamsha, kwa kupogoa, na hivyo anavuna mara mbili, Februari hadi Machi na Agosti hadi Septemba. Mwalimu analalamika kwamba chupa ikitaja mwaka bado haijakwambia ni mavuno gani kati ya hayo mawili, yale yaliyoiva kwenye mvua au yale yaliyoiva kwenye ukame, na kwa maoni yake hizo ni zabibu mbili tofauti. Tumejaribu kukisia kwa ulimi. Tunabishana sana.

Shemeji, ambaye kazi yake ni kusimama kati ya mwenye mti na mwenye fedha, anaangalia jambo lingine. Wakulima wa zabibu wa Hombolo, Bihawana na kwingineko wamelalamikia soko kwa miaka mingi. Zabibu ikishaiva haisubiri kikao. Kiwanda kikichelewa kuichukua, au kikichukua na kuchelewa kulipa, mkulima hana la kufanya na tani zake. "Sisi tunalipa mwezi mmoja kabla," alisema shemeji usiku mmoja, akizungusha glasi kama alivyoona kwenye simu, "na aliyelima huenda analipwa miezi mitatu baada. Hiyo fedha yetu ikifika Dodoma inakaa wapi?" Hakuna aliyemjibu. Nimeendelea kuona kwamba hilo ndilo swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa katika kuonja kwetu, kuliko la forosadi na kuliko la mavuno.

Januari mwaka huu tukakubaliana jambo. Mvua zimekolea, ulanzi umeanza kuteremka, na hakuna maana ya kuagiza chupa kutoka mbali wakati mabonde yanatiririka. Sanduku likapumzishwa hadi Mei. Mwalimu anamfahamu mgema mmoja upande wa kijijini kwao, mtu msafi, anayeosha mbeta kwa maji ya moto. Tukamwita ili atuletee dumu dogo kila Jumamosi, la asubuhi ileile, tuuonje kwa utaratibu wetu, glasi nyembamba na yote.

Alikuja mwenyewe, viatu vya mvua, kofia mkononi. "Kamwene," akaamkia, tukaitikia, akakaribishwa kwenye kochi la mwisho. Alisikiliza mpaka mwalimu alipomaliza kueleza kuhusu sanduku, Dodoma, fedha ya mwezi, karatasi. Kisha akasema naye anataka alipwe mwezi mzima mbele.

Mwalimu akacheka. Akamkumbusha kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, sembuse akilipwa kabla.

"Sawa, mwalimu wangu. Huyo wa Dodoma mmewahi kumtembelea?"

"Bado."

"Chupa zake mnazionja kabla hamjatuma fedha?"

"Haiwezekani. Zimezibwa."

"Akitia maji mtajuaje?"

Mwalimu akaanza kueleza juu ya kiwanda, vipimo, alama ya ubora. Mgema akamwachia amalize, kwa heshima, kisha akasema yeye hana alama, ila nyumba yake inafahamika, mianzi yake inaonekana kutoka barabarani, na mke wake hupiga funda la kwanza mbele ya kila mtu. Akasema anagema mara mbili kwa siku na mbolea ya viazi inapanda bei kila wiki. Kama fedha ya sanduku ipo na imelala, yeye anaifahamu kazi yake.

Tulimwomba atoke nje kidogo. Tukajadiliana. Shemeji alitaka tumpe robo na iliyobaki kila Jumamosi baada ya kuonja, ndivyo anavyowafanyia wakulima wake wa parachichi, na alisema hivyo bila aibu. Muuguzi aliuliza kwa nini mtu tusiyemjua tunamwamini kwa mwezi na huyu tunayejua mpaka kaburi la babu yake tunamwamini kwa robo. Mwalimu alirudia methali yake mara ya pili, safari hii kwa sauti ndogo. Dada wa pembejeo alipinga wote: alitaka mgema apewe fedha yote, leo hii, taslimu, na tulipomtazama akasema ndiyo, anajua hiyo mbolea itanunuliwa dukani kwa nani, na je, kuna ubaya?

Tulimpa nusu.